TUWASAIDIE WATOTO KUENDELEZA MANENO

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa Wilaya za Mbulu na Hanang



Leo tuna jambo moja tu la kuzungumza. Jambo hilo ni kuendeleza maneno. Kuendeleza neno ni kuliandika kwa herufi zake zote, zikifuatana inavyotakiwa. Vitabu vya siku hizi huliita jambo hili tahajia. Sisi tutatumia neno tulilolizoea.

Tunataka kusema hivi. Wewe uliyemaliza kisomo juzi unaweza kumsaidia mtoto wako kuendeleza maneno, jioni, hapo hapo nyumbani. Si lazima uwe mwalimu. Si lazima uwe na vitabu vingi. Unahitaji sikio, mdomo, kijiti cha kuandikia chini, na uvumilivu.

Tunajua kuna mtu anajibu moyoni: "Mimi mwenyewe nimejifunza ukubwani. Je, nikimfundisha mtoto makosa?" Hofu hiyo tumeisikia mara nyingi. Mama mmoja alituambia kwamba mtoto wake akileta daftari, yeye huinuka kwenda kumtazama ndama. Ndama hana shida yoyote. Mama anakimbia daftari. Leo tunaomba mama huyo na wenzake wakae chini, wasikimbie.

KOSA LETU SISI

Kabla hatujasema habari za makosa ya watoto, tuseme kosa letu.

Mwaka mmoja tulikuwa tunaandikisha wanakisomo wapya. Kila mtu alitaja jina lake, nasi tukaandika haraka haraka. Mama mmoja, jina lake linaanza na ile sauti ya kooni ambayo kwa Kiiraqw huandikwa kwa h mbili. Sisi tukaandika h moja, tukaendelea na mtu mwingine.

Miezi ikapita. Mama yule akajifunza kuandika jina lake. Aliyemwonyesha herufi zake ni mwanawe wa darasa la tano, naye alimwonyesha h mbili.

Siku ya kutoa vyeti tulibandika orodha ya majina ukutani. Watu wakasogea. Kwa wengi wao, ilikuwa mara ya kwanza kulitafuta jina lao kwa macho yao wenyewe. Mama yule alisoma orodha kutoka juu mpaka chini. Akarudia tena. Kisha akatoka nje, akaenda kukaa chini ya mti peke yake. Alidhani hakufaulu.

Tulimfuata tukamleta mpaka ukutani, tukamwekea kidole kwenye jina. Akatazama, akasema, "Hilo si langu. Langu lina h mbili."

Alikuwa amesema kweli. Mwanafunzi alijua, mwalimu hakujua. Cheti chake tukakiandika upya.

Ndugu zetu, herufi moja ilimtoa mtu mzima ndani ya nyumba ikamkalisha chini ya mti. Tangu siku ile hatusemi tena kwamba kosa la herufi moja ni dogo.

HERUFI MOJA INA KAZI KUBWA

Tazama maneno haya, mawili mawili:

Kazi na kasi.
Vuta na futa.
Vaa na faa.
Vika na fika.
Shaba na saba.
Shindano na sindano.

Kila jozi inatofautiana kidogo tu. Lakini maana iko mbali kabisa. Mtu akikuandikia kwa simu, "Vuta kamba," utaivuta. Akikuandikia, "Futa kamba," utachukua kitambaa! Mfugaji akiagiza sindano ya ng'ombe, naye mwenzake akasoma shindano, ng'ombe ataendelea kuumwa huku watu wanaulizana ni shindano gani.

Mtoto akizoea kukosea hivi akiwa darasa la kwanza, kosa humfuata mpaka darasa la saba. Atajua jibu la mtihani, lakini atakaloandika litakuwa neno jingine. Samaki mkunje angali mbichi.

KISWAHILI HAKIFICHI HERUFI

Sasa tuiondoe ile hofu. Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa. Irabu zake ni tano tu: a, e, i, o, u. Kila moja ina sauti yake, na sauti hiyo haibadiliki. A ya neno baba ndiyo a ya neno mahindi. Kiingereza si hivyo. Katika Kiingereza herufi moja husomwa hivi hapa na vile pale, na nyingine huandikwa lakini haisomwi kabisa. Watoto wa Uingereza wenyewe hutaabika.

Njia hii ya kuandika Kiswahili ilisanifishwa tangu mwaka 1930, ilipoanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Baadaye, mwaka 1967, nchi yetu ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, liitunze lugha hii. Kwa hiyo neno likiandikwa Katesh, huandikwa vile vile Lindi na Kigoma.

Maana yake nini kwako? Maana yake ni kwamba ukilisikia neno sawasawa, unaweza kuliandika sawasawa. Kazi kubwa ya kuendeleza maneno inaanzia kwenye sikio. Mkono hufuata.

SIKIO KWANZA

Fanyeni hivi. Jioni, chakula kikiwa jikoni, taja kitu kinachoonekana nyumbani. Sema pole pole, na kila silabi mpige kofi moja.

Mbu-zi. Makofi mawili.
Ng'o-mbe. Makofi mawili.
M-tu. Makofi mawili. M ya mwanzo inapigiwa kofi lake peke yake.
Ma-ha-ra-ge. Makofi manne.
Ki-tu-ngu-u. Makofi manne.

Hapa kwenye kitunguu watoto wengi hukosea. Wanaandika kitungu. Wameiacha u ya mwisho. Usimwambie, "Umekosa." Mwambie, "Piga makofi tena." Atapiga manne, kisha atatazama alichoandika na kuona silabi tatu. Atalitafuta kofi lililopotea yeye mwenyewe. Kosa alilolipata mtoto mwenyewe halirudi upesi.

Bibi asiyejua kusoma naye ana kazi hapa. Mpeni punje za mahindi. Kila kofi, aweke punje moja. Mtoto akimaliza kuandika, silabi zihesabiwe, na punje zihesabiwe. Zikilingana, vizuri. Zisipolingana, bibi ndiye mwamuzi! Tumeona nyumba ambayo mchezo huu ulimfanya bibi mwenyewe aombe kuonyeshwa herufi.

Baada ya makofi, mtoto aandike chini kwa kijiti. Vumbi ni zuri kuliko daftari kwa kuanzia. Vumbi halina gharama, na kosa likifutwa halionekani tena. Akiandika neno sawasawa mara mbili chini, ndipo aliandike kwenye daftari.

SAUTI ZINAZOTUSUMBUA

Sasa tuseme habari za kwetu. Huku Mbulu na Hanang mtoto wengi husikia kwanza Kiiraqw au Kidatoga. Wapo wanaoanza na Kinyaturu au Kinyiramba, na kule Yaeda wapo wa Kihadzabe. Kiswahili hukikuta baadaye, wengine hukikuta shuleni. Hilo si kosa la mzazi wala la mtoto. Ila yafaa tujue sauti zipi ni ngeni kwa mtoto, tumsaidie hapo hapo.

Kiiraqw hakina sauti z wala v. Ndiyo sababu mtoto husema "mbusi" na kuandika mbusi. Husema "fitunguu" na kuandika fitunguu. Ameandika kama anavyosikia. Basi tumfundishe kusikia.

Ipo njia rahisi. Mwambie mtoto aweke vidole viwili kooni pake. Aseme sss kwa kuivuta. Koo limetulia. Kisha aseme zzz kama nyuki. Koo linatetemeka. Afanye vile vile kwa fff na vvv. Kwenye f koo limetulia, kwenye v linatetemeka. Hata wewe jaribu sasa hivi unaposoma. Vidole vyako vitakuwa mwalimu.

Sauti sh: midomo isogee mbele kidogo, kama unapomnyamazisha mtoto mchanga. Ndiyo sauti ya kwanza ya shamba.

Sauti th na dh: ncha ya ulimi iguse kati ya meno. Thamani, dhahabu. Kwenye th koo limetulia, kwenye dh linatetemeka.

Sauti gh, kama ya ghala na ghali: hii inakaribiana na x ya Kiiraqw, ila koo litetemeke. Anayesema Kiiraqw amekwisha kupata nusu ya kazi.

Sauti ng': hii ndiyo ya ng'ombe. Msimsumbue mtoto sana. Mwambieni ataje jina la mlima wetu: Hanang. Sauti inayomaliza jina la mlima ndiyo inayoanza neno ng'ombe. Kwa sababu hiyo wapo wanaoandika Hanang' kwa kuweka alama ile mwishoni. Alama hiyo si pambo. Ng bila alama ni sauti ya ngano. Ng' yenye alama ni sauti ya ng'ombe. Hanang kuna ngano na kuna ng'ombe, basi mtoto asivichanganye.

LUGHA YA NYUMBANI SI ADUI

Wazazi wengine, wakisikia haya, huwakataza watoto kusema lugha ya nyumbani. Wanadhani inaharibu Kiswahili. Hatukubaliani nao.

Mtoto wa Kiiraqw ana sikio kali. Anatofautisha h na hh, na k na q. Mgeni akija kutoka pwani hawezi kuzitofautisha upesi. Mtoto huyu pia anajua irabu fupi na irabu ndefu, kwa hiyo kaa, saa, juu na mzee si taabu kwake ukimwonyesha kwamba irabu ndefu huandikwa mara mbili.

Tena yapo mambo ya lugha zote mbili yanayofanana. Ng'ombe mmoja kwa Kiiraqw ni slee. S na l zinaandikwa mbili, lakini sauti ni moja. Mbili ni tsar. T na s, sauti moja. Mwonyeshe mtoto kwamba Kiswahili nacho kina ndugu wa namna hiyo: sh, ch, th, dh, gh na ny. Herufi mbili, sauti moja. Ataelewa upesi, maana ameanza na kitu anachokijua.

Ila kila lugha ina herufi zake. Q na x ni za Kiiraqw, zina kazi huko. Kiswahili sanifu hakizitumii. Siku hizi vijana wakiandikiana kwenye simu huandika "xaxa". Neno ni sasa. Wao kwa wao wataelewana, lakini mtihani hauandikwi hivyo, wala barua kwa mtendaji wa kijiji.

JINA LA MTOTO

Neno la kwanza la kumfundisha mtoto ni jina lake. Hapa tunaomba mtusikilize sana.

Majina yetu yana sauti ambazo wageni huzikosea. Jina Tluway, ambalo maana yake ni mvua, wengine huliandika Tluwai. Hata Haydom, wapo wanaoandika Haidom. Mahali hapadhuriki. Lakini mtoto hudhurika.

Mtoto ana kadi ya kliniki. Ana cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA. Ana jina katika daftari la shule. Baadaye atakuwa na cheti cha shule, kitambulisho cha Taifa, na laini ya simu. Kama jina limeandikwa hivi hapa na vile pale, siku atakapotafuta kazi au mkopo wa masomo ataulizwa, "Wewe ni nani kati ya hawa wawili?" Mara nyingi hutakiwa kuapa mbele ya wakili kwamba majina yote mawili ni yake. Hiyo ni nauli, ni ada, na ni siku za kazi zilizopotea. Pengine mbuzi atauzwa kwa ajili ya herufi moja.

Kwa hiyo fanyeni mambo matatu.

Kwanza, baba na mama mkubaliane jina la mtoto linaandikwaje. Liandikeni kwenye karatasi kabla ya kwenda kuandikisha.

Pili, mkifika mbele ya karani, mpeni karatasi hiyo. Akimaliza kuandika, ombeni msome alichoandika. Msione haya. Ninyi ndio mnaolijua jina hilo. Karani anayetoka mbali hawezi kujua hh wala tl msipomwambia.

Tatu, mfundisheni mtoto kuliandika jina lake kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, siku zote, bila kubadili.

Haya ndiyo matunda ya kisomo. Zamani mzazi alitaja jina, akaondoka. Leo mzazi anaweza kusema, "Ndugu karani, hapo pana h mbili."

MAMBO YA KUEPUKA

Msimpige mtoto kwa kosa la kuandika. Mtoto anayeogopa hasikii, na asiyesikia hawezi kuendeleza neno.

Msikate neno zima kwa kosa moja. Mtoto akiandika mahidi badala ya mahindi, mwambie, "Ma ni sawa. Hi ni sawa. Tusikilize ya mwisho." Atakuta n imekosekana.

Msiunganishe maneno yasiyoungana, wala kutenga yanayoungana. Kwa sababu ni maneno mawili. Kwa hiyo ni maneno mawili. Lakini ninakwenda ni neno moja. Wengine huandika nina kwenda.

Na msijifanye mnajua msilolijua. Mtoto akiuliza neno nanyi hamna hakika, semeni, "Hili tuliandike pembeni. Kesho umwulize mwalimu, kisha unifundishe na mimi." Hapo hamjashuka heshima. Mtoto amejifunza kwamba hata mtu mzima huuliza.

RATIBA YA JUMA MOJA

Jumatatu mpaka Jumamosi, kila jioni maneno matano. Si zaidi. Robo saa inatosha. Maneno matano kwa jioni sita ni maneno 30 kwa juma. Kwa majuma manne ni maneno 120. Haba na haba hujaza kibaba.

Chagueni maneno ya nyumbani na shambani: ngano, mbaazi, jembe, zizi, maziwa, vitunguu saumu, kibuyu, dirisha, shoka. Jumamosi fanyeni imla fupi: mzazi ataje, mtoto aandike. Kisha mbadilishane. Mtoto ataje, mzazi aandike! Msikatae zamu hii. Watoto huipenda kuliko zote.

NA SISI TUNAFAIDIKA

Mwaka 1967 watu wazima wapatao wawili katika kila watatu nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na taifa zima likaingia darasani, chini ya miti na makanisani. Ilipofika mwaka 1986, hesabu ilionyesha kwamba wasiojua walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini baadaye madarasa yalilegea, na wasiojua wakaongezeka tena. Wengine walikuwa wamejifunza, ila hawakupata kitu cha kusoma wala sababu ya kuandika, wakasahau.

Kusoma ni kama jembe. Likilala muda mrefu hushika kutu. Tangu mwaka 2015 madarasa ya kwanza na ya pili yametilia mkazo KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa hiyo kila jioni mtoto analeta kazi nyumbani. Kazi hiyo ni mtoto anakunolea jembe lako. Mkikaa pamoja, wawili mnafundishwa kwa robo saa moja.

Yule mama wa h mbili alifundishwa na mwanawe, kisha akatufundisha sisi. Basi yule mama wa ndama, jioni hii, amwache ndama alale. Achukue kijiti, akae chini, amwite mtoto.

Elimu haina mwisho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Jina la kila mtoto wako limeandikwaje katika kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na daftari la shule? Je, yanalingana?

2. Ni sauti gani za Kiswahili zinazowasumbua watoto wa kijiji chenu? Wekeni vidole kooni mjaribu pamoja.

3. Pigeni makofi kwa maneno haya, kisha mwandike: mzazi, shindano, thamani, ng'ombe, kitunguu.

4. Mtoto akikuuliza neno usilolijua, utamjibu nini?